Kidole cha Mwisho

Niliipandisha mgongoni siku mbili na nusu,
mashine ndogo kuliko sahani ya wali,
nimeivika sponji kama yai.
Amri ilitoka Kathmandu: kila mtumishi
abonyeze kidole saa nne asubuhi,
abonyeze tena saa kumi na moja,
na asiyebonyeza, mshahara wake ukatwe.

Zahanati ya Dhaulipani: vyumba viwili vya mawe,
bati jipya, mlango uliozoea kufuli.
Wagonjwa walishajua kulisoma lile kufuli
kama wengine wasomavyo kalenda:
likitazama kushoto, leo hakuna mtu;
likitazama kulia, hata kesho.

Nikatoboa ukuta. Skrubu nne.
Nikaunganisha sola, nikasubiri kijani.
Lokendra Shahi, mganga msaidizi, alikuwa wa kwanza,
kidole laini kama siagi ya nyati.
"Karibu kazini," mashine ikamwambia kwa sauti ya kike.
Akacheka. Akabonyeza tena, aisikie tu.

Kisha Phulmati Rokaya, muuguzi,
akifuta mikono kwa ncha ya shali.
Gumba: haikumtambua.
Cha shahada kikakataa kumshuhudia.
Cha kati. Cha pete.
Nikafuta kioo, nikamwambia afikiche, apulizie pumzi.
Miaka ishirini na sita ya klorini na maji ya barafu,
ya kuni, ya kukata majani ya ng'ombe kabla ya zamu,
ya kupokea vichwa vya watoto gizani:
mistari ile tunayozaliwa nayo ilikwishalika
kama jina la kiwanda juu ya mche wa sabuni
ukishafua mara mbili.

Nilipoteremka niliandika: kazi imekamilika.

Ripoti ya mwezi ikaja wilayani.
Lokendra, kijani mwanzo hadi mwisho.
Phulmati, nyekundu, nyekundu, nyekundu,
hayupo, hayupo,
na mkato wa mshahara umeshapita benki.

Mwezi wa tatu nikapanda tena.
Saa nne Lokendra akabonyeza.
Saa nne u nusu alikuwa dukani kwake karibu na daraja,
akiuza vidonge, mguu juu ya mguu.
Saa kumi na moja kidole kikarejea kuaga.
Kimehudhuria, sina la kukishtaki.

Lakini nisiseme uongo:
kufuli nilikuta limetupwa nyuma ya choo, lina kutu.
Mhudumu wa sindano, aliyekuwa haonekani tangu mavuno,
alikuwa mezani, amenuna, lakini mezani.
Na mama mmoja kutoka bonde la pili,
mtoto wake akikoroma kwa nimonia, aliniambia:
"Zamani nilitembea saa tatu kuja kubahatisha."
Akaishia hapo, akaingia ndani.

Phulmati alifika saa sita mchana.
Alikesha ng'ambo ya mto kwa mzazi wa mimba ya kwanza,
mtoto alitanguliza miguu.
Wote wazima.
Damu ilikuwa imekauka kwenye mkono wa sweta.
Mashine haikumwandika hata kwamba amechelewa;
ili uchelewe, lazima kwanza ujulikane.

Nikamwomba mkono wa kushoto.
Kimoja kimoja, kama anayejaribu funguo za nyumba ya marehemu.
Tukafika cha mwisho, kile kidogo,
anachokikunja pembeni akishika mkasi,
akishika shoka, akifunga kitovu.
Kijani.
"Karibu kazini."
Akakitazama muda mrefu, halafu akanitazama mimi.
"Kumbe hiki kivivu
ndicho kinachojulikana serikalini."

Usiku huo, kwa tochi, nilijaza fomu.
Chanzo cha hitilafu, weka alama:
umeme; mtandao; unyevu; mengineyo, eleza.
Nafasi waliyoiacha haikuzidi urefu wa kiberiti.
Nikaandika: sabuni.
Nikafuta.
Nikaandika: alikuwepo.
Kalamu ikakwama kwa baridi,
nikaipasha kwapani, nikasubiri.